Televisheni ya Australia ina bethdei ngapi?

Mwaka 2026 Waaustralia wanahesabu miaka 70 ya televisheni, na tarehe inayotajwa kila kona ni 16 Septemba 1956. Tarehe ni ya kweli kabisa, hilo halina ubishi. Mkanganyiko unaanza ukiuliza kitu kimoja tu: siku ile nani hasa aliiona hiyo televisheni? Ni watu wa Sydney, tena wale waliokuwa na seti nyumbani au waliojikusanya nje ya vioo vya maduka. Melbourne walikuwa bado. Brisbane, Adelaide na Perth walisubiri kama miaka mitatu, Canberra ambao ndo mji mkuu wakasubiri karibu miaka sita, Darwin miaka kumi na tano, na kule jangwani katikati ya nchi kuna jamii zilizofikia miaka ya 80 ndo zikaanza kuona picha, tena zikaanza kwa kujitengenezea zenyewe kabla serikali haijawaletea.

Kwa hiyo kila ukisikia "leo ni miaka kadhaa ya televisheni Australia" kuna mtu amechagua tarehe moja kati ya nyingi, na mara nyingi aliyechagua ni stesheni yenyewe inayojisherehekea. Mimi naona hapo ndo pa kuanzia, tujue tarehe gani ni ya nani.

Tuanze na 1956 yenyewe. Serikali ya Robert Menzies iliunda tume ya kuchunguza suala la televisheni mwaka 1953, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria. Walichokubaliana ni mfumo wa pande mbili: upande mmoja ABC, shirika la umma ambalo tayari lilikuwa na redio nchi nzima, upande wa pili stesheni za biashara zinazoishi kwa matangazo na zinazopewa leseni mji kwa mji. Shika hilo la mji kwa mji kwa sababu ndo chanzo cha mkanganyiko wote unaokuja. Leseni za kwanza za biashara zilikuwa nne, mbili Sydney na mbili Melbourne, na wenye magazeti ndo waliojipanga vizuri kuzipata: kampuni ya Sir Frank Packer ikapata TCN-9 Sydney, Fairfax wenye Sydney Morning Herald wakawa na ATN-7, Melbourne kule Herald and Weekly Times wakachukua HSV-7, na ya nne ikawa GTV-9.

Halafu kulikuwa na haraka. Olimpiki ya Melbourne ilikuwa inafunguliwa 22 Novemba 1956 na hakuna aliyetaka michezo ije ipite mbele ya macho ya dunia huku nchi mwenyeji haina televisheni, kwa hiyo stesheni zikawa zinafukuzana kuingia hewani hata kama studio bado hazijakamilika. TCN-9 wakatangulia 16 Septemba. HSV-7 wakafuata 4 Novemba na hao ndo wa kwanza kufungua rasmi Melbourne. ABC wakaanza Sydney 5 Novemba na Melbourne 19 Novemba, siku tatu tu kabla ya Olimpiki. ATN-7 wakaja 2 Desemba michezo ikiwa inaelekea ukingoni. Na GTV-9? Hawa walianza matangazo ya majaribio Septemba 1956, wakaonyesha Olimpiki, watu wakawatazama kabisa sebuleni kwao, ila ufunguzi rasmi ukafanyika 19 Januari 1957. Sasa bethdei yao ni ipi? Ukihesabu siku picha ya kwanza ilipotoka ni 1956, ukihesabu siku ya sherehe na hotuba ni 1957, na zote mbili ni sahihi kwa maana yake.

Kuna kitu kingine kuhusu ile 16 Septemba ambacho nadhani kila mtu anayeipenda historia anastahili kukijua. Kila maadhimisho yakifika inaonyeshwa klipu moja, kijana mtanashati anaitwa Bruce Gyngell amevaa suti nyeusi na tai, anasema habari za jioni na karibuni kwenye televisheni. Ndo picha maarufu kuliko zote kwenye historia ya TV ya Australia. Lakini ile picha haikurekodiwa usiku ule. Usiku ule matangazo yalikwenda laivu yakapotea hewani, hakuna aliyeyahifadhi, na hiyo klipu tunayoiona ilitengenezwa baadaye, Gyngell akarudia maneno yake mbele ya kamera. Siisemi kumpunguzia heshima, yeye kweli alikuwepo na kweli aliwakaribisha watu. Naisema kwa sababu inaonyesha jinsi televisheni ya mwanzo ilivyokuwa: kitu kinatokea, kinaonekana, kinaisha. Mashine za tepu za video zilikuwa bado hazijafika nchini, na ukitaka kuhifadhi shoo ilibidi uelekeze kamera ya filamu kwenye kioo cha TV ukarekodi kinachopita pale. Na hata tepu zilipokuja zilikuwa ghali sana, kwa hiyo wakarekodi shoo, wakairusha, wakafuta, wakarekodi nyingine juu yake. In Melbourne Tonight, shoo ya usiku ya Graham Kennedy, ilianza GTV-9 tarehe 6 Mei 1957, Kennedy akiwa na miaka 23, ikawa inakwenda usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miaka kumi na ikamfanya awe mtu maarufu kuliko wote kwenye TV ya nchi ile, lakini zilizobaki ni chache mno ukilinganisha na zilizorushwa. Inauma kiukweli. Ndo maana kwenye maadhimisho yote unaona vipande vilevile vinazunguka.

Na ukitaka kubishana zaidi, watu wa Brisbane wana hoja yao. Mwaka 1934 kikundi cha mafundi wa redio akiwemo Thomas Elliott na Dr Val McDowall walirusha picha kutoka kwenye mnara wa zamani wa kinu cha upepo pale Wickham Terrace, ule uliojengwa na wafungwa miaka ya 1820. Picha ilikuwa na mistari 30 tu, ukiilinganisha na mistari 625 waliyoanza nayo 1956 unaelewa ilikuwa ukungu mtupu, lakini ilikuwa picha inayotembea hewani, Australia, miaka 22 kabla ya Gyngell. Kwa hiyo wanaohesabu kwa uangalifu wanasema 1956 ni mwanzo wa televisheni ya kawaida, yaani ya ratiba, inayorushwa kila siku kwa umma. Hilo neno "ya kawaida" lina kazi kubwa sana na kwenye matangazo ya sherehe huwa linaachwa.

Sasa turudi kwenye yale majina, TCN, HSV, GTV, maana ukiyaelewa unaweza kusoma historia yote bila kupotea. Herufi ya tatu kwa kawaida inakuambia jimbo: N ni New South Wales, V Victoria, Q Queensland, S South Australia, W Western Australia, T Tasmania. Namba ni chaneli ya masafa waliyopewa. ABN-2 ni ABC, New South Wales, chaneli ya 2. QTQ-9 iko Queensland. TVW-7 iko Perth. Na hapa watu wengi wa nje wanachanganya, wanadhani "Channel Nine" ilikuwa kampuni moja iliyofunguliwa 1956 nchi nzima. Hapana. Kulikuwa na stesheni ya Sydney iliyopewa chaneli ya 9, nyingine ya Melbourne iliyopewa chaneli ya 9, nyingine Brisbane iliyofunguka 16 Agosti 1959, nyingine Adelaide 5 Septemba 1959, kila moja na wamiliki wake. Kuungana na kuwa mtandao mmoja kulikuja taratibu, kwa kununuana na kwa kugawana vipindi, na kwa sababu ya waya.

Waya ninaousema ni kebo ya Sydney na Melbourne iliyozinduliwa 1962 ikipitia Canberra. Kabla ya hapo kipindi cha Melbourne kikitakiwa Sydney kinasafirishwa kama mzigo, filamu ndani ya kopo inapanda ndege. Watu wa miji miwili mikubwa kabisa ya nchi walikuwa na mastaa tofauti. Perth ndo walikaa peke yao muda mrefu zaidi, mtambo wa mawimbi unaovuka lile jangwa la Nullarbor ulikamilika 1970. Kwa maoni yangu hizo tarehe za waya zinastahili sherehe kuliko nusu ya zile zinazosherehekewa, maana ndo siku Australia ilipoanza kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, ila hakuna stesheni inayomiliki waya, kwa hiyo hakuna wa kukata keki.

Kesi inayonoga kuliko zote ni Adelaide. Mji ule ulikuwa na ADS-7 iliyofunguliwa 24 Oktoba 1959 na SAS-10 iliyofunguliwa 26 Julai 1965. Miaka ya 80 sheria za umiliki zikabadilika, stesheni zikauzwa huku na huku, ikafika mahali wamiliki wa Adelaide hawaendani tena na mitandao waliyokuwa nayo. Suluhisho lao likawa kubadilishana: tarehe 27 Desemba 1987 ile ya saba ikawa ADS-10 na ile ya kumi ikawa SAS-7. Namba zilihama, kampuni zikabaki. Sasa niambie Channel Seven ya Adelaide ilizaliwa lini. Ukifuata namba ni 1959, ukifuata kampuni na leseni ni 1965, ukifuata mpangilio ule watu wa Adelaide wanaoujua leo ni 1987. Mtu akikuletea maadhimisho ya Seven au Ten Adelaide, muulize kwanza anafuata kitu gani.

Tukiwa kwenye namba, Melbourne kulikuwa na chaneli ya 0, ndiyo, sifuri, ATV-0 iliyoanza 1 Agosti 1964 kama stesheni ya tatu ya biashara, wakati wenzao wa Sydney, TEN-10, wakaanza Aprili 1965. Januari 1980 ATV wakahamia chaneli ya 10, na ile sifuri haikukaa bure. Tarehe 24 Oktoba 1980, siku ya Umoja wa Mataifa, ikaanza televisheni ya SBS, shirika la pili la umma baada ya ABC, kwa jina la Channel 0/28, Sydney na Melbourne tu mwanzoni, kwa ajili ya mamilioni ya watu waliohamia Australia kutoka Italia, Ugiriki, Lebanoni, Vietinamu na kwingineko, ambao kwa miaka 24 walikuwa wanatazama TV isiyowajua. Filamu kwa lugha zao zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, habari za dunia nzima. Na aliyesimama kuwakaribisha watazamaji usiku ule ni nani? Bruce Gyngell yuleyule, safari hii akiwa mkuu wa shirika, akiwakaribisha kwenye televisheni ya tamaduni nyingi. Mtu mmoja, miaka 24 katikati, karibuni mbili. Kwangu mimi hiyo ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, maana ya kwanza ilikaribisha watu kwenye mashine na ya pili iliwakaribisha watu ndani ya nchi.

Rangi nayo ina yake. Siku rasmi ni 1 Machi 1975 na mwaka 2025 ikatimiza miaka 50. Australia walichelewa, Uingereza walikuwa na rangi tangu 1967, na hapo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu kidogo maana Zanzibar kupitia TVZ walikuwa wameshaanza kuona televisheni ya rangi kabla ya hiyo Machi 1975. Sydney na Melbourne na utajiri wao wote walikuwa bado na weusi na weupe wakati Unguja wanatazama rangi. (Bara tulisubiri hadi miaka ya 90 kupata televisheni ya aina yoyote, hilo nalo tulikubali.) Na hata hiyo 1 Machi ina ubishi wake, kwa sababu majaribio ya rangi yalikuwa yanarushwa tangu mwishoni mwa 1974, ATV-0 walishaonyesha mbio za farasi za Pakenham kwa rangi kama jaribio mwaka 1967, na usiku wenyewe ABC hawakusubiri saa sita ifike: kipindi chao cha vichekesho cha Aunty Jack kikaanza dakika chache kabla, bado 28 Februari, rangi ikawa inapanda kioo kutoka chini kwenda juu huku wahusika wanajaribu kuikimbia. Kisheria ni 1 Machi, ila kwa aliyekaa mbele ya ABC usiku ule, rangi ilikuja Februari.

Tarehe inaweza pia kugawanyika kwa sababu dunia ni duara. Chukua siku binadamu alipokanyaga mwezini. Marekani wanaadhimisha 20 Julai 1969, Australia ilikuwa tayari 21 Julai mchana, saa saba kasoro dakika nne kwa saa za Sydney, na hapa wao hawakuwa watazamaji tu. Picha ya Armstrong akishusha mguu wa kwanza ambayo dunia iliiona ilipokelewa na antena ya Honeysuckle Creek karibu na Canberra, na dakika chache baadaye darubini kubwa ya redio ya Parkes ikachukua kazi kwa saa zote zilizobaki za matembezi yale. Kati ya tarehe zote za televisheni ya Australia hii ndo pekee ambayo mtu yeyote duniani aliyekuwa mbele ya TV siku ile anaweza kusema ni yake pia.

Sasa twende jangwani, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kwenye orodha nyingi za maadhimisho hii sehemu inapewa mstari mmoja kama inapewa kabisa. Agosti 1985 Australia ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya mawasiliano, AUSSAT, na mpango ulikuwa kwamba sasa TV itafika kila mahali. Wazee wa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, katika jamii za ndani kabisa waliona hatari mapema: watoto wataanza kumwagiwa Kiingereza na maisha ya mijini saa ishirini na nne, na lugha zao ambazo zimeishi maelfu ya miaka zitakuwa hazina mahali kwenye kile kioo. Hawakusubiri. Mwaka huohuo 1985 watu wa Yuendumu, ambao ni Wawarlpiri, na watu wa Ernabella huko kusini zaidi, wakafunga vifaa vidogo vya kurushia na wakaanza televisheni zao bila leseni. Hadithi za ardhi, nyimbo, ngoma, habari za kijiji, mikutano, watoto wakiwaona bibi zao wanaongea Kiwarlpiri kwenye TV kabla ya kuona mtu yeyote wa Sydney. Kisheria zilikuwa stesheni haramu, lakini ni televisheni iliyoanzishwa na watazamaji wenyewe kwa hela na nguvu zao, na mimi siioni tarehe nyingine kwenye historia hii yote yenye ujasiri kama hiyo.

Kutoka hapo mambo yakafunguka. CAAMA, chama cha habari cha Waaborijini wa Australia ya Kati kilichoanzishwa Alice Springs mwaka 1980 na Freda Glynn na wenzake wawili, kikaenda kugombea leseni ya TV ya biashara ya setilaiti kwa eneo lile kubwa, kikashinda, na Januari 1988 Imparja ikaingia hewani ikiwa mali ya Waaborijini. Ule ulikuwa mwaka ambao taifa lilikuwa linasherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zifike, sherehe ambayo wenyeji wengi waliiita siku ya maombolezo. Baadaye ikaja NITV, televisheni ya taifa ya wenyeji wa asili, tarehe 13 Julai 2007, na 12 Desemba 2012 ikaanza kupatikana bure nchi nzima chini ya SBS. Kwa hiyo ukiuliza Waaborijini lini televisheni ya Australia ilianza kuwa ya kwao, hakuna atakayekuambia 1956.

Upande wa vipindi nitapita haraka maana kila mtu ana kipenzi chake. Four Corners, kipindi cha uchunguzi cha ABC, ilianza 19 Agosti 1961 na bado inachimbua wakubwa mpaka leo. Play School ya watoto ilianza 18 Julai 1966, ina maana inagonga miaka 60 mwaka huuhuu 2026, na kuna mabibi waliokaa sakafuni kuitazama ambao sasa wanakaa na wajukuu. Homicide, tamthilia ya polisi ya Crawford Productions, ilianza Oktoba 1964 wakati karibu kila tamthilia kwenye TV ilikuwa ya Kimarekani au Kiingereza, ikafika vipindi 510, na ndo iliyowaonyesha wenye stesheni kwamba Mwaustralia anataka kusikia lafudhi yake mwenyewe.

Neighbours, tamthilia ya majirani wa mtaa mmoja, ndo inayohitaji kalamu na karatasi. Ilianza 18 Machi 1985 kwenye Seven, Seven wakaitupa mwaka uleule, Ten wakaiokota na kuirudisha Januari 1986, BBC wakaanza kuionyesha Uingereza Oktoba 1986, na harusi ya Scott na Charlene, yaani Jason Donovan na Kylie Minogue, ikatazamwa Uingereza Novemba 1988 na karibu watu milioni 20. Waaustralia walikuwa wameshaiona Julai 1987, kwa hiyo hata hiyo harusi ina tarehe mbili. Ikamalizika 28 Julai 2022 kwa kwaheri kubwa, ikafufuka Septemba 2023 kwa pesa za Amazon, ikasherehekea miaka 40 Machi 2025 wakati Februari tu ilikuwa imeshatangazwa kwamba Amazon wanaachana nayo mwisho wa mwaka. Miaka 40 tangu ianze, sawa. Miaka 40 ya kuwa hewani, hapana, toa mwaka na zaidi wa kaburini na ile miezi ya 1985. Home and Away, tamthilia nyingine iliyoanza Januari 1988, ni changa kwa karibu miaka mitatu, ila haijawahi kufutwa wala kubadilisha stesheni.

Mwisho wa analojia, ule urushaji wa zamani kabla ya dijitali, nao ulikuja vipande vipande, kama mwanzo wake. Mildura, mji wa mashamba kaskazini mwa Victoria, ndo walizimiwa wa kwanza 30 Juni 2010, wakafuata wengine eneo kwa eneo, Sydney wakazimiwa 3 Desemba 2013, na 10 Desemba 2013 ikawa zamu ya Melbourne pamoja na maeneo ya mbali yaliyobaki. Dar es Salaam kulizimwa 31 Desemba 2012, kwa hiyo hata hapo wenye ving'amuzi wa Dar waliwatangulia wenzao wa miji miwili mikubwa ya Australia kwa karibu mwaka mzima. Vijiji vya mbali kule ambako mnara haufiki wakafungiwa madishi ya huduma ya setilaiti inayoitwa VAST, na kwa mara ya kwanza mtu wa jangwani akawa anapata chaneli zilezile anazopata mtu wa mjini. Mikoani nako kwa miaka mingi kulikuwa na stesheni moja tu ya biashara, mpaka serikali ilipoanza kuunganisha maeneo 31 Machi 1989 kwa kuanzia Canberra na kusini mwa New South Wales, hivyo kuna wilaya ambazo Channel Ten ni ya 1989 na si ya 1964 wala 1965.

Na zile namba zenyewe, 7, 9 na 10, tangu analojia izimwe si masafa tena. Zimebaki majina ya biashara, kitufe unachobonyeza kwenye rimoti.